Gari la klachi kwenye milima ya Mwanza: uliache kwenye gia au fri?

Swali hili halikauki. Kila anayetoka chuo cha udereva na leseni mpya, na kila anayenunua kirikuu yake ya kwanza ya mizigo, lazima aulize: nikishapaki, niache gari kwenye gia, au niweke fri nivute hendibreki basi? Anauliza watu watatu, anapata majibu matatu. Fundi anamwambia gia inaumiza giaboksi. Dereva wa Canter anamwambia hendibreki ni pambo, gia ndiyo mwenye gari. Mwalimu wa chuo alimzoesha fri na hendibreki, na ana sababu yake: gari la mazoezi linashikwa na wanafunzi wengi kwa siku, hataki mmoja wao apige stata gia ikiwa ndani.

Jibu langu: weka vyote viwili, kila mara, na hendibreki itangulie. Kwenye mteremko ongeza usukani, na mteremko ukiwa mkali ongeza jiwe. Yanayofuata hapa ni namna ya kuvipanga, maana wengi wanavijua vyote hivyo ila wanavipanga kinyume.

Nasema kila mara kwa sababu ya mji wenyewe. Ukiacha barabara kuu ukaingia Isamilo, Mabatini au Igogo, au ukapanda Bugando kumwona mgonjwa, kupata sehemu tambarare ya kupaki ni bahati. Na chini ya kila mteremko wa Mwanza hapakosi kitu: genge la nyanya, ukuta wa mtu, bodaboda zimejipanga kivulini, watoto wanarudi shule.

Mwongozo huu ni wa magari yenye klachi. Mwenye otomatiki achukue moja tu: vuta hendibreki kwanza, acha gari likae juu yake, ndipo uweke P. Ukitanguliza P mlimani, uzito wote unaning'inia kwenye kijichuma kidogo ndani ya giaboksi, na siku ya kuitoa utasikia mlio wake.

UWE NA NINI KABLA YA KUANZA

Kwanza, hendibreki inayoshika. Usidhani inashika kwa sababu taa yake inawaka kwenye dashibodi. Taa inakuambia mkono umevutwa, haikuambii kama tairi zimekamatwa. Ipime hivi: tafuta mteremko wa wastani usio na mtu wala kitu chini yake, simama kwa breki ya mguu, weka fri, vuta hendibreki, kisha achia mguu polepole huku ukiuacha juu ya pedeli. Gari likitulia, sawa. Likisogea, nenda kwa fundi kabla hujafika hatua ya kwanza ya mwongozo huu. Sikiliza pia ile milio ya "ka-ka-ka" unapovuta (kwa kipimo hiki usibonyeze kitufe). Magari mengi madogo hushika kati ya mlio wa nne na wa nane. Mkono ukipanda mpaka juu kabisa ndipo ushike, waya umelegea au brekishuu zimekwisha.

Pili, kabari mbili za mbao. Mawe mawili pia yanafaa, na kwa mji huu hakuna anayeweza kusema amekosa jiwe. Ila jiwe la mviringo halifai, tairi linalipanda au linalisukuma. Chagua lenye uso wa bapa upande wa chini, kubwa kuliko ngumi mbili. Kabari ya mbao ya mninga au mbao yoyote ngumu iliyokatwa mshazari ni bora zaidi, inakaa nyuma ya kiti na fundi seremala anakukatia kwa dakika chache.

Tatu, ujue gari lako linasukumwa na tairi zipi, za mbele au za nyuma, kwa sababu gia hushika tairi hizo tu. Hendibreki kwa kawaida hushika za nyuma. Kirikuu, Hiace, Hilux na Canter za kawaida husukumwa na za nyuma. Magari mengi madogo ya kutembelea husukumwa na za mbele. Ungeweza kusoma kwenye kijitabu cha gari, ila vijitabu vyetu vingi vimekuja na gari kutoka Japani na vimeandikwa Kijapani, kwa hiyo muulize fundi.

GIA INASHIKAJE GARI LILILOZIMWA?

Maelezo mafupi tu, kwa sababu ndiyo yanayojibu "gia namba ngapi?"

Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole kisha ujaribu kusukuma mpini. Hewa iliyobanwa inakurudisha. Ndivyo pistoni zinavyofanya injini ikiwa imezimwa: ili gari liserereke, tairi lazima zizungushe giaboksi, giaboksi izungushe injini, na injini inagoma kwa sababu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda.

Gia ndogo ndiyo inayoipa injini nguvu ya kugoma. Kwenye magari mengi madogo, gia ya kwanza inalazimisha injini izunguke kama mara 13 hadi 15 ili tairi zizunguke mara moja tu. Rivasi iko karibu na hapo hapo. Gia ya tano inahitaji mizunguko mitatu au minne hivi. Kwa hiyo aliyepaki kwenye gia ya tatu au ya nne amejidanganya: gia iko ndani, lakini gari likipata mteremko wa kweli linaisukuma injini bila shida.

Na hata gia ya kwanza haishiki milele. Hewa iliyobanwa huvuja taratibu pembeni ya pistoni. Ikivuja ya kutosha, injini inaruka silinda moja, gari linasogea kidogo, linasimama. Baada ya muda linasogea tena. Injini iliyochoka, ile inayotoa moshi wa bluu na kula oili, inavuja haraka zaidi. Ndiyo maana nasema gia ni mlinzi wa pili. Wa kwanza ni hendibreki.

Kuhusu hofu ya fundi kwamba gia inaumiza giaboksi: meno ya gia yanabeba nguvu ya injini nzima unapopanda mlima na mzigo. Kulishika gari lililosimama ni kazi ndogo kwake. Kinachoumiza ni kuingiza gia gari likiwa bado linatembea, au kuliacha lijitupe kwa kishindo juu ya gia, na hayo mawili yanazuiwa na mpangilio ufuatao.

HATUA ZA KUPAKI

1. Chagua mahali. Kama hatua ishirini mbele kuna tambarare, nenda huko utembee kwa miguu. Usipaki juu ya changarawe iliyolegea wala juu ya zile barabara za mawe za milimani zikiwa zimelowa, maana hapo tairi zinaweza kukamatwa kabisa na gari bado likateleza. Usipaki pia juu ya mlango wa mtu au genge lililo chini yako moja kwa moja.

2. Geuza usukani gari likiwa bado linatambaa, kabla halijasimama kabisa. Ukigeuza likiwa limesimama unasaga tairi na kuchosha usukani. Sisi tunapaki upande wa kushoto, kwa hiyo iko hivi:

Unatazama chini ya mlima: geuza kushoto. Gari likiachia, tairi la mbele linaingia kwenye ukingo wa barabara na kusimama.

Unatazama juu ya mlima na kuna ukingo wa zege: geuza kulia. Gari likirudi nyuma, sehemu ya nyuma ya tairi la mbele inaegemea ukingo.

Unatazama juu na hakuna ukingo: geuza kushoto, ili likirudi litoke barabarani badala ya kukata katikati.

Hapo penye "hakuna ukingo" naomba utulie kidogo, kwa sababu mitaa yetu mingi ya milimani haina ukingo, ina mtaro. Mtaro wa mawe wenye kina cha magoti, wakati mwingine cha kiuno, umechimbwa hivyo ili maji ya mvua yasibebe barabara. Ukigeuza usukani kuelekea huko, gari likiachia linaingia mtaroni. Utapinda bampa, pengine na mkono wa tairi. Mimi bado nageuza kuelekea mtaroni, kwa sababu gari lililolala mtaroni linatolewa na vijana sita na kamba, na lililofika chini ya mlima halina bei. Lakini acha nafasi ya futi mbili au zaidi kati ya tairi na mtaro, usije ukaingia mwenyewe wakati wa kuondoka. Na ukiwa na abiria upande wa kushoto, mwambie kuna mtaro kabla hajafungua mlango.

3. Simama kwa breki ya mguu. Kanyaga klachi, weka fri. Mguu wa kulia usitoke kwenye breki.

4. Vuta hendibreki kwa nguvu mguu ukiwa bado kwenye breki. Kama ina kitufe, kibonyeze unapovuta ili kuhifadhi meno yake, halafu kiachie na uhakikishe imejifunga. Zile za kuvuta chini ya dashibodi, za Hiace na Hilux za zamani, vuta moja kwa moja kuja kwako.

5. Achia breki ya mguu taratibu. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye mwongozo wote ndani yake. Gari litakaa: utalisikia likisogea kidole kimoja hivi, mwili wake ukishuka kidogo, kisha kimya. Sasa uzito uko juu ya hendibreki. Likiendelea kusogea, kanyaga tena breki na uvute zaidi. Likikataa kabisa, ondoka hapo, kapaki tambarare.

6. Kanyaga breki ya mguu tena, zima injini.

7. Kanyaga klachi mpaka chini, ingiza gia. Unatazama juu, gia ya kwanza. Unatazama chini, rivasi. Tambarare, gia ya kwanza. Sababu ni siku utakayosahau: ukipiga stata gia ikiwa ndani, gari litaruka kuelekea juu ya mlima, ambako lina kazi ya kupanda, badala ya kuruka kuelekea chini.

8. Achia klachi kwanza, kisha breki. Ukiachia breki kabla ya klachi, gia bado haijashika chochote.

9. Toa ufunguo. Usiuache kwenye swichi hata kama unaingia dukani kununua vocha.

10. Shuka, simama pembeni ya gari na ulitazame. Kwenye mteremko mkali, au ukiwa na mzigo, weka kabari upande wa chini wa tairi za nyuma, iguse tairi kabisa. Za nyuma ni bora kwa sababu za mbele umezigeuza. Kabari iliyo mbali na tairi kwa shubiri moja inalipa gari nafasi ya kupata kasi, halafu linairuka.

Hatua zote kumi, ukishazizoea, hazifiki nusu dakika.

HATUA ZA KUONDOKA

1. Kama kuna mtu wa kukusaidia, ingia kwanza, ukanyage breki, ndipo yeye atoe kabari. Ukiwa peke yako, itoe kabari wakati gia na hendibreki zote ziko kazini, ukiwa umesimama ubavuni mwa gari. Usipige magoti mbele ya tairi upande wa mteremko, hata kwa sekunde. Isukume kwa mguu kutoka pembeni.

2. Kaa, kanyaga breki, kanyaga klachi mpaka igote. Ndala zinateleza kwenye klachi, na klachi ikikuponyoka hapa gari linaruka. Zivue uendeshe peku kama huna viatu vingine.

3. Toa gia uweke fri. Tikisa mkono wa gia kushoto na kulia. Ukicheza kwa uhuru, ni fri kweli.

4. Piga stata, klachi ikiwa bado chini. Fanya hivyo daima, hata kwenye tambarare, hata kama una uhakika. Magari mengi ya zamani hayana swichi ya kuzuia stata mpaka ukanyage klachi. Yanaamini unajua unachofanya.

5. Unatazama juu: ingiza ya kwanza, inua klachi mpaka usikie injini inazama na pua ya gari inanyanyuka kidogo, ongeza mafuta, ndipo ushushe hendibreki. Unatazama chini: ingiza ya kwanza, shusha hendibreki, achia breki ya mguu, inua klachi. Usianze kushuka kwa fri ukidhani unaokoa mafuta.

6. Chukua jiwe lako. Mawe yanayoachwa katikati ya barabara na madereva waliokwisha ondoka yanapasua tairi na kuangusha bodaboda usiku, na aliyeyaacha hajui hata jina la mtu aliyemvunja mguu.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA SIKU

La kwanza ni kuingiza gia, kuachia kila kitu, gari lijitupe juu ya gia "dup!", halafu kuvuta hendibreki mwishoni kama ukumbusho. Hendibreki iliyovutwa baada ya hapo haibebi kitu, inasubiri gia ishindwe. Asubuhi mkono wa gia unagoma kutoka, na dereva anaulaumu.

La pili ni watu wengine kwenye gari lako. Ukipeleka gari kuoshwa, mwambie kijana kwa mdomo: "Gari liko kwenye gia." Wale vijana hupenda kuingiza mkono dirishani na kuzungusha ufunguo ili wawashe redio. Wakipitiliza kidogo wanagusa stata, na gari linaruka mbele likiwa na mtu ameinama anaosha taa. Fundi naye mwambie, hasa anayetaka kugusisha stata kwa bisibisi akiwa amesimama mbele ya boneti. Kwa hao wawili, kama mahali ni tambarare, ni bora kuacha fri, hendibreki na kabari, na uondoke na ufunguo mfukoni.

Watoto ni kinyume chake. Mtoto aliyebaki garini hawezi kupiga stata bila ufunguo, lakini hendibreki anaweza kuishusha, kwa sababu ameshakuona ukifanya hivyo mara nyingi. Hapo gia ndiyo inayookoa. Na usimwache mtoto garini.

La tatu ni kuamini breki zenye moto. Ukishuka mlima mrefu ukikanyaga breki njia nzima, vyuma vinapata joto na kutanuka. Kwenye magari ambayo hendibreki inakamata diski za nyuma, diski ikipoa inanywea, na mshiko unalegea gari likiwa limepaki na wewe umeshaingia ndani. Shuka kwa gia ndogo ili breki zisichemke, na ukishapaki rudi baada ya dakika kumi uvute tena mlio mmoja au miwili.

MAGARI YENYE MAMBO YAKE

Kirikuu. Injini yake, kama ni ya Kijapani ya kawaida, ni ya sisi 660. Pistoni ndogo hizo zinashika kirikuu tupu vizuri. Pakia magunia ya mkaa, au makreti ya samaki yenye barafu kutoka mwaloni wa Kirumba, halafu upandishe Kitangiri usimame, na gia peke yake haitoshi. Kabari si hiari kwa gari la mzigo.

Canter. Kwenye Canter nyingi hendibreki haiko kwenye tairi, iko nyuma ya giaboksi na inakamata propela shafti, ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu nyuma. Maana yake gia na hendibreki zote mbili zinapitia shafti hiyo hiyo moja na difu ile ile, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma. Shafti ikikatika au difu ikiachia, umepoteza vyote kwa pamoja. Madereva wa Canter wanaoweka mawe hata kwenye kamteremko kadogo si waoga, wanajua gari lao. Na usiivute hendibreki ya aina hii gari likiwa linatembea.

Land Cruiser na Hilux za foo-wili zenye mkono wa pili wa gia. Mkono huo ukiwa kwenye N, gia ya kwanza uliyoingiza haiungani na tairi hata moja. Gari liko fri ingawa mkono wa gia unakuonyesha liko kwenye gia. Kabla ya kushuka, tazama mikono yote miwili.

Jeki. Hapa naomba usome mara mbili. Gia hushika tairi kupitia difu, na difu ya kawaida inaruhusu tairi moja lizunguke peke yake. Ukinyanyua kwa jeki tairi moja linalosukuma gari, hilo lililo hewani linazunguka kwa uhuru na lililo chini halishikwi tena na gia. Kwa Canter yenye hendibreki ya shafti, ukinyanyua tairi moja la nyuma umefungua gia na hendibreki kwa mpigo mmoja, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki. Pancha ikikukuta mlimani, jikongoje polepole hadi tambarare hata kama tairi litaharibika. Ikishindikana, kabari pande zote za tairi zinazobaki chini kabla jeki haijagusa gari, na mwili wako usiwe chini yake.

KIVUKONI NA KUPAKI SIKU NYINGI

Tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025, wasafiri wa Geita na Bukoba hawapangi tena foleni ya kivuko pale Kigongo. Lakini wa Kamanga, na wa Ukerewe wanaovuka Kisorya kwenda Rugezi, bado wanapanda pantoni. Ukishapangwa ndani: usukani uwe umenyooka, hendibreki, zima, gia ya kwanza. Ziwa likichafuka sakafu inainama mbele na nyuma, mteremko unabadilika kila wimbi, kwa hiyo gia moja inatosha kwa pande zote na hendibreki ndiyo tegemeo. Mabaharia wakikuwekea kabari usibishane nao. Kwenye foleni ya kushukia majini fuata hatua zote kumi hata kama foleni inasogea kila baada ya dakika tano, kwa sababu mbele yako ni ziwa.

Ukisafiri ukaacha gari wiki mbili au zaidi, mambo yanageuka. Unyevu wa ziwani na mvua za masika hufanya brekishuu zigandie kwenye dramu. Hapo tafuta tambarare ya kweli, weka gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya tairi, kisha shusha hendibreki. Usifanye hivyo mlimani. Na kama umetoka kuosha gari, liendeshe kidogo huku ukigusa breki, zikauke kabla ya kulilaza.

LIKITOKEA TATIZO

Gia haitaki kuingia injini ikiwa imezimwa. Meno hayajakutana. Usiusukume mkono kwa nguvu. Achia klachi, ikanyage tena, jaribu. Ikigoma, weka gia ya pili kisha rudi ya kwanza, au tumia rivasi.

Gia haitoki asubuhi. Uzito umelala juu yake. Kanyaga breki, vuta hendibreki zaidi, kanyaga klachi mpaka chini, kisha utoe. Ikiendelea kugoma hata klachi ikiwa chini, basi klachi haiachi sawasawa. Angalia mafuta yake ya klachi, au waya wake kama ni ya waya, na umwone fundi.

Gari linasogea kidogo kidogo likiwa kwenye gia. Hendibreki haifanyi kazi, na hiyo ndiyo ya kutengeneza kwanza. Kama linaruka haraka haraka, mwambie fundi apime kompresheni, yaani jinsi injini inavyobana hewa.

Umesahau, umepiga stata, limeruka na kuzima. Kanyaga breki na klachi, weka fri, anza upya. Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Ila kama lilikuwa limeegemea ukingo, kagua bampa na tairi.

Hendibreki imeshuka lakini gari haliendi, tairi za nyuma zimeganda. Usikanyage mafuta kwa hasira. Jaribu mbele kidogo na nyuma kidogo kwa gia ndogo. Ikishindikana, weka kabari, gonga dramu taratibu kwa nyundo kuzunguka. Utasikia "tak!" ikiachia.

Gari limeanza kuserereka nawe uko nje. Piga kelele watu wapishe. Usikimbilie mbele yake, usiliegemee, usijaribu kurukia mlangoni.

Ufunguo hauzunguki na usukani umekuwa mgumu kama ukuta. Hii huwashtua sana waliogeuza tairi kwa mara ya kwanza, wanadhani swichi imekufa. Ni kitasa cha usukani kimebanwa kwa sababu tairi zimeegemea ukingo. Shika usukani kwa mkono wa kushoto, uvute kuelekea upande unaokubali kusogea kidogo, na wakati huo huo zungusha ufunguo kwa mkono wa kulia bila kuukamua. Kitaachia.